Ametutoka, Amekwenda Kupumzika Ihanja

Nimewahi kumuua mtu kwa herufi mbili. Sikufungwa, wala sikufukuzwa kazi, ingawa hilo la pili lilikaribia. Ninyi mnaoanza kazi za ofisini mnabonyeza kitufe na taarifa inafika makao makuu kabla chai haijapoa. Nimeona niwaeleze ilivyokuwa kwetu, maana hata kitufe chenu kinapeleka maneno, na maneno hayajawahi kuwa na huruma na mtu.

Nilikuwa karani wa taarifa katika ofisi ya barabara, Singida Mjini, miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa. Sheria ya pensheni ilimtaka kila mkuu wa ofisi ya serikali apeleke Dar es Salaam, kila mwezi, karatasi inayosema nani ameingia kazini, nani amehamishwa, nani ameondoka na kwa sababu gani. Huko Dar es Salaam hawakumjua mtu wetu hata mmoja kwa sura. Walikuwa na makabati ya kadi, kadi moja kwa kila mtumishi. Ukiandika ameingia, kadi inazaliwa. Ukiandika ameondoka, kadi inahamishwa droo. Mtu mwenyewe anaweza kuwa amesimama mbele yako anakohoa, lakini kwa pensheni yeye ni ile kadi. Mkilielewa hilo, mmeielewa kazi.

Aliyetia saini ni mkuu wa ofisi. Aliyeandika ni mimi. Mkuu wetu alikuwa mtu wa magreda na kokoto, na karatasi alizitia saini huku anatazama dirishani kuona kama lori lake limerudi. Sheria ilisema taarifa ikiwa na kosa atawajibika yeye. Hiyo ilikuwa kwenye sheria.

Kazi nilifundishwa na Mzee Rajabu, karani mkuu, mtu wa Pangani. Aliletwa Singida kwa mwaka mmoja, akasahauliwa huko huko. Alilalamika juu ya upepo wetu kila asubuhi, halafu akalalamika juu ya Kiswahili chetu mpaka saa nne, ndipo akaanza kazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho. Changu kilikuwa cha darasani, nyumbani kwetu Mungaa tukiongea Kinyaturu. Siku niliyomwambia kwamba nimekwenda kwa mtunza stoo nikamkuta hayupo, alifumba macho.

"Eliza," akasema, "umemkutaje na hayupo?"

Mpaka leo bado najiuliza.

Somo lake la kwanza lilikuwa kaboni. Karatasi ya kaboni ina uso na mgongo. Ukiigeuza, maandishi yanaingia nyuma ya karatasi yako mwenyewe na nakala inabaki tupu. Mimi niliigeuza wiki nzima. Mzee Rajabu alizipanga nakala zangu mezani, nyeupe zote, akaniuliza kama mwezi ule serikali haikuwa na watumishi.

Somo la pili lilikuwa nakala tatu. Ya kwanza inakwenda Dar es Salaam, ya pili inakaa kwenye faili. "Na ya tatu?" nikamuuliza. Akavuta droo yake ya chini, akanionyesha rundo lililofungwa kwa kamba ya katani. "Ya tatu ni yako. Haimo kwenye sheria. Siku mambo yakiharibika, ya kwanza itakuwa mbali na ya pili itakuwa imepotea." Lishikeni hilo hata ninyi wa kompyuta. Faili la ofisi lina miguu.

Somo la tatu lilikuwa la kuuliza umri. Fomu ilitaka mwaka wa kuzaliwa, na wazee wetu walizaliwa bila mwaka. Alikuja mzee mmoja mpasua kokoto, nikamuuliza amezaliwa lini, akasema wakati wa njaa. Njaa ipi? Ile kubwa. Nikaandika mwaka nilioona unafaa, na kwa mujibu wa karatasi yangu akawa mkubwa kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mtumishi wetu mstaafu. Mzee Rajabu akanifundisha: usiulize mwaka. Uliza, nzige walipokuja ulikuwa umebebwa, unawafukuza, au unalima shamba lako? Hapo mtu haongopi, kwa sababu haoni faida ya kuongopa.

Basi. Sasa niwaambie habari za Mzee Sungi.

Mzee Sungi Ntandu alikuwa msimamizi wa genge la barabara. Yeye na watu wake ndio walioziba mashimo kutoka mjini kwenda Ihanja na kuendelea, kwa majembe, makarai na toroli, tangu enzi za Wazungu. Alianza kama kibarua wa kubeba mawe. Hakujua kusoma, lakini ukimtajia kalvati lolote atakwambia lilijengwa na nani, na nani alilewa siku ile. Alikuwa mpole, mrefu, ana kofia ya pama iliyokwisha rangi. Wakubwa walimjua kwa jina moja, "Genge." Genge njoo, Genge nenda.

Umri wake wa kuondoka kazini ulifika mwezi ambao Mzee Rajabu alikuwa likizo Pangani. Miezi michache kabla lilikuwa limekuja agizo kwamba karatasi zote za serikali ziandikwe kwa Kiswahili. Fomu za Kiingereza zikafungiwa stoo, mpya zikawa hazijafika, kwa hiyo nilichora za kwetu kwa rula. Safu ya mwisho niliiita "Sababu ya kuondoka, na maelezo."

Kabla ya agizo tulikuwa tunaandika neno la Kizungu, na mdomoni tulisema mtu "ameritaya." Sasa hilo nikaona ni Kizungu kilichovaa kanzu, na mkuu alikwisha tuonya. Neno "kustaafu" mimi nilikuwa sijalisikia. Msicheke. Hata ninyi kuna maneno mnayasikia leo kwa mara ya kwanza, mnatikisa kichwa tu.

Nikaandika "Ametoka." Nikalitazama. Likaonekana kali, kama mtu aliyefukuzwa. Mzee wa watu amefanya kazi tangu ujana, halafu "Ametoka," kama kuku aliyefunguliwa mlango. Roho haikukubali. Nikachomoa karatasi, nikaweka nyingine, nikaongeza herufi mbili katikati kwa ajili ya heshima. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshika moto, nikaendelea:

"Sungi Ntandu, msimamizi wa genge. Ametutoka mwisho wa mwezi huu baada ya utumishi mrefu. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Amekwenda kupumzika kwao Ihanja. Ofisi itamkumbuka daima."

Nilijisikia vizuri sana. Mkuu akatia saini, lori lilikuwa linaingia. Tarishi akapeleka posta.

Mzee Rajabu alirudi na samaki mkavu kwa kila mtu, akaketi kupitia nakala za siku ambazo hakuwepo. Nilikuwa nimempa mgongo, nachambua barua. Nikasikia amevua miwani.

"Inna lillahi," akasema taratibu. "Lini?"

"Lini nini, mzee?"

"Sungi. Amekufa lini?"

"Hajafa. Nimemwona juzi sokoni, ananunua jembe."

Akaisoma tena ile karatasi, safari hii kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha Pangani. Ikitoka mdomoni mwake nikaisikia. Ilikuwa tanzia. Ilibaki kutaja saa ya mazishi.

"Kupumzika," akasema. "Umemwandikia kupumzika."

"Si amechoka, mzee?"

Hakucheka. Mngemjua mngeelewa kwamba hapo ndipo nilipoogopa.

Tuliandika barua ya haraka siku ile ile, lakini haraka ya posta mnaijua. Barua yetu ikielekea Dar es Salaam, yao ilikuwa imeshaanza safari kuja Ihanja, kwa anuani ya katibu wa kijiji, imeandikwa juu: Kwa warithi wa marehemu Sungi Ntandu. Ilitaka cheti cha kifo, na majina ya mjane na watoto.

Katibu wa kijiji alikuwa kijana mwenye bidii. Barua ya serikali haikai mfukoni, akaisoma hadharani baada ya mkutano wa shamba la pamoja. Mzee Sungi hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta ng'ombe wake. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Mungaa, alikoolewa binti yake. Binti akanyoa nywele, akafunga safari na ndugu wa mume, wanalia njia nzima. Walipofika nyumbani walimkuta marehemu anakula ugali wa mtama na mlenda. Akawaambia wanawe mikono, chakula kipo.

Alikuja ofisini siku ya tatu, na ile kofia, barua ameikunja mara nne.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Za Ihanja?"

"Nzuri tu. Nimekuja kuuliza habari za kufa kwangu."

Aliongea kwa upole ule ule. Ningependa angenitukana. Nikasimama, nikamwambia kwa Kinyaturu, kwa sababu kwa Kiswahili nilikwisha shindwa: baba, ni mimi. Nimekosea neno. Akanitazama, akakaa kwenye benchi.

"Binti yangu amenyoa," akasema. "Nywele zitaota. Mke wangu ananipikia huku ananiangalia pembeni, hilo nalo litaisha. Nauliza jambo moja. Ile miaka ya barabara, bado ninayo?"

Hapo ndipo penyewe. Pesa hakuitaja. Aliuliza kama miaka yake bado ipo.

Na jibu la Dar es Salaam lilipokuja, halikuwa zuri. Walisema kwa mujibu wa sheria, aliyetolewa kwenye kadi kwa kifo harudi. Kama mkuu wa ofisi anaye mtu wa jina hilo aliye hai, amwandike kama mtumishi mpya, kuanzia tarehe ya barua.

Mkuu alifurahi. "Mmeona? Imekwisha. Mwandikeni mpya, kibarua wa siku moja, tumalize." Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu karatasi zipungue mezani. Lakini mtumishi mpya hana miaka. Mzee Sungi angekuwa hai, sawa, ila kila jiwe alilobeba tangu ujana lingekuwa limebebwa na marehemu.

Mzee Rajabu akasema hapana. Alisema hivyo kwa mkuu wake, amesimama, kofia mkononi. Akaleta kitabu cha sheria, kile chenye jalada lililoliwa na mchwa, tukakisoma siku mbili, yeye Kiingereza na mimi kamusi. Siku ya pili, sehemu ndogo mwishoni ambako hakuna mtu huwa anafika, tukakuta kwamba taarifa iliyopelekwa kwa kosa inaweza kusahihishwa, ikiwa atakayeleta masahihisho ataambatisha nakala ya taarifa yenyewe na maelezo ya aliyekosea, kwa jina lake.

Tukaenda kwenye faili. Nakala ya pili haikuwepo. Hata sikushtuka. Nikavuta droo yangu ya chini, nikafungua kamba ya katani.

Mkuu akaniita peke yangu. "Unajua ukiandika kwamba kosa ni lako, karatasi hiyo inaingia kwenye faili lako na haitoki? Wakitaka kukuondoa, umewapa kisu." Nikamwambia najua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu wawili. Niliogopa kweli, msidhani nilikuwa shujaa. Lakini kila nikifumba macho namwona yule mzee kwenye benchi anauliza kama bado ana miaka.

Nikapiga chapa: "Mimi ndiye niliyekosea. Nilitaka kusema amemaliza kazi kwa heshima. Sikujua kwamba kwa Kiswahili cha watu wengine nimesema amekufa. Yu hai. Alama ya kidole gumba chake iko hapa chini, ameiweka mwenyewe mbele yangu." Mzee Rajabu akasoma, akasahihisha koma moja, akanywa maji.

Mzee Sungi alikuja kila Jumatatu kuuliza. Anatoka Ihanja alfajiri kwa lori lolote la mahindi, anakaa kwenye benchi, nasema bado baba, anasema haya mwanangu, anarudi. Nilianza kuziogopa Jumatatu. Kwangu kila barua iliyokuja ilikuwa ama ya miaka yake ama ya kunifukuza.

Ilipofika, ilikuwa ya miaka yake. Yote. Waliirudisha na ile nakala yangu, imegongwa muhuri mwekundu mkubwa: IMESAHIHISHWA. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ambalo bado ninalo, lina makosa mawili ya Kiswahili.

Nikamsomea Mzee Sungi barua. Akavua kofia, akaiweka magotini. Kisha akaniuliza kama anaweza kuisikia na ile karatasi nyingine, ile iliyomuua. Nikaona aibu, lakini nikaisoma. Ametutoka. Mtu mwema na mchapakazi. Ofisi itamkumbuka daima.

"Rudia pale," akasema.

"Alikuwa mtu mwema na mchapakazi."

"Hiyo imeandikwa na serikali?"

"Nimeandika mimi, baba. Mkuu ametia saini."

"Basi ni serikali." Akanyoosha mkono. "Nipe nikae nayo."

Nilimtazama Mzee Rajabu. Alikuwa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya droo. Nikampa.

Tangu hapo, kila mwaka wastaafu walitakiwa kuja kuthibitisha kwamba wako hai. Wengi walichelewa, wengine walituma majirani. Mzee Sungi alikuwa wa kwanza siku zote. Anasimama mlangoni, naamka, shikamoo baba, marahaba, kisha anasema yake: "Bado sijawatoka." Ofisi nzima inacheka, naye hacheki. Anaweka dole gumba, ananiachia karanga kwenye karatasi ya gazeti, anaondoka. Mzee Rajabu alipopata uhamisho wa kurudi pwani, hatimaye, yeye na Mzee Sungi waliagana kwa kushikana mikono muda mrefu. Baadaye Mzee Rajabu akaniambia upepo umemwingia machoni. Upepo wa Singida una lawama nyingi.

Miaka ikapita, nikawa karani mkuu. Nikafundisha wengine kaboni, na nzige, na droo ya chini. Neno "kustaafu" nililiandika mpaka ncha ya herufi K kwenye mashine ikachakaa.

Mwaka mmoja siku ya kuthibitisha ilifika, saa tatu ikapita, saa sita ikapita. Nikasema labda lori. Alasiri akaingia mama mzee, amenyoa. Nilimjua kabla hajakaa. Nikampa shikamoo, akaitika. Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imekatika, ina muhuri mwekundu.

"Alisema uandike wewe," akaniambia. "Alisema usitafute maneno mapya. Haya haya yanatosha."

Nililia pale pale mezani, mbele ya makarani wangu. Wakatazama mashine zao, na nawashukuru kwa hilo.

Kisha nikaweka kaboni, uso chini. Fomu za wakati huo zilikuwa zimechapishwa vizuri, zina kisanduku cha kila kitu. Kwenye "Amefariki" nikaweka alama, kwa sababu sheria ni sheria na mjane alikuwa na haki zake. Kwenye maelezo, ambako huwa tunaacha wazi, nikanakili kutoka ile karatasi, neno kwa neno isipokuwa ule mwezi. Ametutoka baada ya utumishi mrefu. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Amekwenda kupumzika kwao Ihanja.

Mkuu mpya, kijana, alisoma kabla ya kutia saini. Akaniuliza kama maelezo yale ni ya lazima.

"Yalikwisha pelekwa zamani," nikamwambia. "Yalitangulia tu."

Akatia saini. Ya kwanza ikaenda Dar es Salaam, ya pili kwenye faili. Ya tatu nilimpa mama aondoke nayo. Makao makuu hawakuandika kuuliza chochote. Safari ile walielewa.